Nakwenda Kupiga Simu

Ndugu wanajumuiya, nianze kwa kukiri jambo ambalo nusu yenu mnalijua na nusu nyingine mmelinyamazia kwa heshima. Kwenye mikutano yetu, tukifika ajenda ya tatu au ya nne hivi, kuna watu watano au sita huinuka mmoja mmoja, wakinong'ona kwamba wanakwenda kupiga simu nyumbani. Mimi ni mmoja wao. Hatupigi simu. Saa hizo Dar, Nairobi na Kampala ni usiku wa manane, nani angepokea? Tunakwenda kusimama nje kwenye baridi, mabega yamepanda hadi masikioni, tunavuta fegi. Tukirudi tunatafuna jojo, na mwenyekiti anajifanya hajui.

Naandika leo kwa sababu nimepanga kuacha. Siku yenyewe ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao (jarida likitoka kwa wakati, tuombe Mungu, mtakuwa mnasoma haya siku chache kabla). Hivi ninavyoandika niko siku ya tano ya vidonge, na bado navuta. Pakti iko mezani pembeni ya kompyuta, kwenye besimenti ninayopanga huku Unionville. Humu ndani mwenye nyumba hataki moshi, kwa hiyo kila fegi ni kuvaa koti, buti na glavu moja, kisha kupanda ngazi. Najua ni kichekesho mtu kuandika makala ya kuacha sigara wakati hajaacha. Lakini hoja yangu iko hapo hapo. Sisi tunajua habari za kuacha tu. Habari za kujiandaa kuacha hatukufundishwa.

Nyumbani dawa ya sigara ni moja: jikaze. Ukiwa mwanamume kweli utaacha, eti fulani alitupa pakti yake dirishani siku moja na hadi leo hajagusa. Huyo fulani yupo kila kijiji na kila mtaa, na mimi sibishi kwamba yupo. Nasema tu kwamba nimeshajikaza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar, nikafika siku tisa. Mara ya pili ilikuwa Januari niliyotua uwanja wa Pearson. Nilijidanganya kwamba nchi mpya na baridi ile vitaniachisha vyenyewe, nikadumu mpaka wiki ya mtihani wa kwanza. Ya tatu nitaieleza baadaye kidogo, maana ndiyo iliyonifungua macho.

Mimi ni mhandisi, na naona aibu kwamba ilinichukua muda mrefu kuliona jambo dogo kama hili. Hakuna mtu katika fani yetu anayewasha mtambo kwa mara ya kwanza siku ya ufunguzi, mgeni rasmi akiwa ameshika mkasi. Unaujaribu kabla, unapima, unaangalia ni wapi panavuja. Sasa mbona kwenye mwili wangu mwenyewe nilikuwa naamka tu Jumatatu moja na kutangaza nimeacha?

Kwa hiyo safari hii nilianza na daftari. Kwa wiki mbili niliandika kila sigara: saa, mahali, na nilikuwa nafanya nini. Nilipata wastani wa 12 kwa siku. Nilipozipanga nikakuta tatu tu ndizo mwili unazidai kweli, nazo ni zile za asubuhi. Nikotini iliyoko kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo mtu akilala usiku kucha anaamka na deni. Zile tisa nyingine zilikuwa za mahali na za watu. Moja ni ya nje ya stesheni ya Unionville nikisubiri treni ya GO. Nyingine ni ya baada ya kutoka kwa profesa msimamizi wangu, iwe kikao kimekwenda vizuri au vibaya. Nyingine ni ya chai. Na nyingine, ndugu zangu, ni ya kupiga simu na nyinyi.

Pia niliandika hela. Pakti ya 25 ninayonunua inapita dola 15, na kwa mwezi nakaribia pakti 15. Piga hesabu mwenyewe, kisha kumbuka mara ya mwisho ulipomwambia mdogo wako nyumbani kwamba mwezi huu mambo ni magumu.

Baada ya daftari nikaenda kwa mfamasia. Wengi hamjui, na mimi sikujua, kwamba hapa Ontario tangu 2012 mfamasia anaruhusiwa kukuandikia mwenyewe dawa za kuachia sigara. Si lazima usubiri nafasi ya daktari. Alinikalisha kwenye kichumba kidogo pembeni ya kaunta, akaniuliza kama nimewahi kupata kifafa, kama nina ugonjwa wa figo, kama nina matatizo ya usingizi au msongo. Akaniuliza pia sigara ya kwanza navuta dakika ngapi baada ya kuamka. Nilimjibu kumi. Akatabasamu kama fundi aliyesikia injini inavyogonga.

Njia ziko kadhaa. Kuna plasta ya nikotini unayobandika mwilini na jojo ya nikotini, na ukitumia zote mbili pamoja zinafanya kazi vizuri kuliko moja peke yake. Kuna bupropioni, ambayo mwenye kifafa haruhusiwi. Na kuna vareniklini, ambayo ndiyo nimechukua mimi. Inavyofanya kazi ni hivi: nikotini ikifika kwenye ubongo inakaa kwenye vipokezi vyake, na hapo ndipo ile raha inapotoka. Vareniklini inakaa kwenye vipokezi vilevile, ila inavisisimua nusunusu. Hamu inapungua, na ukivuta sigara juu yake nikotini inafika inakuta kiti kimeshakaliwa, kama daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Ndiyo maana unaianza wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha, ukiwa bado unavuta. Siku 3 za kwanza ni miligramu 0.5 mara moja kwa siku, siku ya 4 hadi ya 7 mara mbili, halafu miligramu 1 asubuhi na jioni, na dozi yote ni wiki 12. Unakunywa ukiwa umekula, la sivyo kichefuchefu kitakuonyesha cha moto.

Jana, siku ya nne, sigara ya baada ya chakula niliizima ikiwa nusu. Tangu nianze kununua kwa hela yangu sijawahi kuzima sigara nusu.

Wapo watakaosema: bwana, vidonge hivyo vinatia watu wazimu. Maneno hayo hayakutoka hewani. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliilazimisha kampuni iweke onyo kali kuhusu mabadiliko ya akili. Baadaye ukafanyika utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 8,000, na karibu nusu yao walikuwa na historia ya magonjwa ya akili. Matokeo yalitoka 2016 na hayakuonyesha kwamba dawa inaongeza madhara hayo kwa kiasi cha maana, na Desemba ya mwaka huohuo onyo lile likaondolewa. Mwaka 2021 kampuni ya Pfizer iliirudisha Champix kutoka madukani kwa sababu ya uchafu wa kikemikali uliozidi kiwango. Siku hizi unapewa vareniklini ya watengenezaji wengine. Kinachonisumbua mimi ni ndoto. Juzi niliota niko ndani ya bani la tumbaku, nasimamia mtihani wa themodinamiki, na wanafunzi wote ni shangazi zangu.

Dawa si muujiza. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 yanasema kwamba katika watu 100 wanaojaribu bila dawa yoyote, kama 6 ndio wanaofanikiwa kukaa miezi sita au zaidi. Kwa vareniklini ni kama 14. Mtu anaweza kucheka na kusema hiyo 14 nayo ni nini. Mimi naisoma hivi: kule kujikaza kwetu tunakokusifia kunawaangusha 94, halafu tunawaita dhaifu. Ningepewa mtambo wenye rekodi hiyo ningemtafuta aliyeusanifu.

Kuhusu gharama nitakuwa mfupi. Wengi wetu tuna UHIP, na UHIP inalipa daktari na hospitali, hailipi dawa za kununua dukani. Lakini ile bima ya ziada ya umoja wa wanafunzi tunayokatwa kila Septemba huku tukilalamika, mara nyingi hulipia sehemu kubwa ya dawa za kuandikiwa. Soma kijitabu chake, kiko pale pale ulipokitupa. Pia ulizia kliniki ya chuo kuhusu mpango wa STOP wa hospitali ya CAMH hapa Toronto, ulioanza 2005, ambao hutoa plasta na jojo bure pamoja na ushauri. Na jambo moja dogo ambalo mfamasia alilisisitiza: moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka. Ukiacha, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kahawa na chai ya rangi punguza nusu, maana ile mikono kutetemeka utakayodhani ni ya sigara inaweza kuwa ni chai.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka tubishane.

Sisi tunavuta kwa siri. Siyo siri ya polisi, ni siri ya adabu. Mtoto aliyelelewa havuti mbele ya wakubwa. Hata mwenye miaka thelathini, mwenye digrii mbili, akiona mzee anakuja anaificha kiganjani mpaka imchome. Mimi adabu hiyo naiheshimu na sitaki ife. Lakini angalieni inatufikisha wapi. Aliyevuta kwa siri analazimika kuacha kwa siri. Akishindwa, anashindwa kwa siri pia. Hakuna wa kumpa pole wala wa kumwambia ajaribu tena, kwa kuwa rasmi hakuna kilichotokea. Mara zangu tatu zote zilikuwa hivyo. Hakuna aliyejua nimeanza, kwa hiyo hakuna aliyejua nimeanguka.

Mwezi uliopita nilimpigia simu baba mdogo, Urambo. (Simu ya kweli, asubuhi.) Ukoo wetu ni wa tumbaku. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye tumbaku, na nilikuwa mdogo sana nilipoanza kukesha na wakubwa kwenye bani, tukichochea kuni ili joto lisishuke usiku. Utafiti wangu wa sasa ni wa uhamishaji wa joto, na mtu akiniuliza nilianzia wapi, jibu la kweli ni pale. Basi nikamwamkia, nikazunguka weee na habari za mvua na bei, mwisho nikamwambia: "Baba, mimi navuta sigara, na nataka kuacha."

Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema: "Mwanangu, mimi nilijua tangu uko kidato cha nne. Ulikuwa unanuka moshi wakati si msimu wa mabani."

Miaka yote hiyo nilikuwa namficha mtu anayejua. Akaniambia naye alijaribu kuacha mara mbili, akiwa peke yake, akaona ni heri kukaa kimya kuliko kuchekwa. Wiki hii ameshanipigia mara mbili yeye mwenyewe kuuliza vidonge vinaendeleaje. Anaviita "vile vidonge vyako vya kizungu," lakini anauliza.

Hapo ndipo nilipoielewa ile mara ya tatu. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka jana. Wanaofunga mnajua: mvutaji anakaa alfajiri mpaka magharibi bila kugusa, siku zote za mwezi, wala hafi. Nilifunga, na usiku pia nikajizuia, nikasema mwezi ukiisha sirudi. Nikafika Idi nikiwa safi kabisa. Siku ya nne baada ya Idi nilikuwa nje ya maabara na kiberiti cha kuazima. Kwa muda mrefu nilijilaumu kwamba nilikosa msimamo. Sasa naona kwamba mwezi mzima kila mtu niliyekaa naye alikuwa amefunga. Magharibi tulikuwa tunakusanyika kwa mmoja wetu, uji, tende na sambusa, na mwenzako akikuona umenuna anajua kwa nini. Idi ilipopita kila mtu alirudi kwake, na mimi nikarudi besimenti peke yangu na mazoea yangu tisa.

Kwamba wanafunzi wanaweza kusaidiana kwenye jambo hili si ndoto yangu. Ontario ilikuwa na mpango ulioitwa Leave the Pack Behind, ukiendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Brock tangu 2000. Ulikuwa na timu za wanafunzi kwenye vyuo, mwanafunzi akizungumza na mwanafunzi mwenzake, na vijana wa miaka 18 hadi 29 walikuwa wakipata plasta na jojo bure. Mwaka 2019 serikali ya jimbo ilikata fedha zake na mpango ukafungwa. Mimi nina thelathini, ningekosa kwa mwaka mmoja hata kama ungekuwepo, lakini wengi wenu mngepata. Ule mpango hatuna. Namba ya simu ya msaada ipo kwenye kila pakti inayouzwa Kanada, na tangu 2023 sheria inataka hata kila sigara moja iwe na onyo lake kwenye karatasi. Mimi huyasoma maonyo hayo kila siku nikiwasha. Onyo halijawahi kuniuliza nimeamkaje.

Kwa hiyo napendekeza jumuiya yetu iwe na kikundi. Sitaki semina. Semina nazijua: tutamwalika daktari, ataleta picha za mapafu, tutapiga makofi, tutakula pilau, na watu sita watakwenda kupiga simu. Nataka dakika ishirini kabla ya kila mkutano, chumba cha pembeni, kwa wale wanaovuta na wanaotaka kuacha, pamoja na mmoja au wawili walioacha. Kila mmoja anasema amefikia wapi. Aliyeteleza anasema ameteleza, na hakuna hotuba. Nakubali kwamba tafiti hazijaonyesha kikundi kinashinda ushauri wa mtu mmoja mmoja. Zinaonyesha kinashinda kujisomea kijitabu peke yako, na kwa sasa wengi wetu hata hicho kijitabu hatuna.

Kuna jambo la dada zetu. Wapo wanaovuta, na siri yao ni nzito kuliko yetu mara kumi. Mimi nikionekana nimeshika sigara nitaitwa mhuni kwa wiki moja. Dada akionekana, habari inafika Kisumu kabla hajaizima. Kama kikundi kitakuwa cha kaka tu wanaopigana mabega, tutakuwa tumewaacha wanaohitaji zaidi. Naomba kamati imteue dada mmoja mwenye kifua, ambaye mwingine anaweza kumwandikia ujumbe bila kupita kwetu. Na yeyote atakayetoa nje maneno ya chumba kile, kwa maoni yangu, asipewe tena hata kazi ya kugawa sahani.

Wenye shisha nao wasijitoe. Tanzania iliipiga marufuku 2016 na Kenya mwisho wa 2017, lakini naona huku wengine wameihamishia sebuleni kwa kisingizio kwamba ni mvuke wa matunda. Kikao kimoja cha saa nzima kinakuingizia moshi mwingi kupita sigara nyingi sana. Njooni tu, viti vipo.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, nitakuwa kwenye bwawa la Toogood, upande unaotokea Main Street ya Unionville. Nitazunguka njia yote ya bwawa, mara mbili nikiweza, maana mfamasia amesema saa za mwanzo nisikae ndani. Nitakuwa na termosi ya chai ya tangawizi, majani nusu. Wawili wameshaniambia watakuja, mmoja wao havuti kabisa, anakuja kwa sababu ya chai. Vaeni buti, njia huwa na barafu. Pakti itakayobaki Ijumaa usiku nitamkabidhi mweka hazina wetu, ambaye sote tunajua kwamba kikiingia mkononi mwake hakitoki.

Na kwenye mkutano unaofuata, tukifika ajenda ya tatu na mkaniona nainuka, nina ombi. Mmoja wenu anifuate mpaka mlangoni, aniulize nampigia nani.